Uso Uliouza Mkorogo

Kila asubuhi, kabla bajaji hazijaanza kupigiana honi barabarani, Agnella alikaa kwenye kigoda uani kwake Lumemo, mjini Ifakara, kioo amekiegemeza kwenye ndoo, akautengeneza uso. Msidhani alikuwa anajiremba kwa sherehe. Ilikuwa kazi kama kazi nyingine, kama jirani yake alivyokuwa anakanda unga wa maandazi saa hiyo hiyo. Dakika ishirini, na ole wako umsemeshe katikati.

Uso wenyewe ulikuwa mkorofi. Wenye ujuzi wanaita ngozi mchanganyiko, jina zuri kwa kero kubwa. Paji la uso, pua na kidevu vilitoa mafuta tangu saa tatu asubuhi, halafu mashavu yakakauka na kupauka kama ya mtu aliyelala jikoni kwenye majivu. Ukipaka mafuta kwa kuyahurumia mashavu, paji linang'aa na chunusi zinafumuka. Ukijaza poda kwa ajili ya paji, mashavu yanapasuka. Ni kama kupokea wageni wawili wasiokula chakula kimoja, na kila mmoja ana hasira zake.

Agnella alishawajua wageni wake. Aliosha uso kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo kali, akaukausha kwa kuubonyeza na kanga kuukuu, hakusugua. Mashavuni alipaka glisarini iliyochanganywa na maji ya waridi, matone mawili, ngozi ikiwa bado na unyevu. Kwenye paji na pua hakupaka. Kisha mafuta mepesi ya kuzuia jua uso mzima, na hapo alisubiri. Wengi hawasubiri, ndiyo maana faundesheni yao inajikunja na kugawanyika kama maziwa yaliyoharibika. Yake aliigonga kwa sponji yenye unyevu, nyembamba kabisa, akaongeza kidogo pembeni mwa pua penye makovu ya zamani. Poda aliibonyeza pale tu panapotoa mafuta, mashavuni haikufika. Wanja kidogo, lipshaini, basi. Kwenye pochi alitia tishu za kubonyezea pua mchana, na mwavuli aliubeba jua liwepo lisiwepo.

Hayo ndiyo yote aliyoufanyia uso wake. Na hayo ndiyo aliyowaficha watu miaka sita, hata ndugu yake wa tumbo moja.

Aliyemfundisha ni Mama Theresia, nesi mstaafu aliyepanga naye nyumba moja. Kabla ya hapo Agnella alikuwa mkulima wa mpunga kijijini Kisawasawa kama wenzake, uso umejaa chunusi, jua limembabua mpaka rangi yake ya kuzaliwa haionekani. Mama Theresia alimwambia kwa lugha ya wakulima: paji lako ni mbugani, maji yanatuama, mashavu yako ni mlimani, hayashiki maji, usiyalime kwa jembe moja. Agnella akaelewa. Akaanza kuuza kwenye duka la mtu hapo mjini, baadaye akafungua la kwake karibu na soko, na miaka miwili ya kukaa kivulini ikamrudisha alivyozaliwa, maji ya kunde, laini, hana baka.

Waliomjua wakamwona kama mtu mwingine. Waliiona mwanzo ile sura ya shambani, wakaiona na hii ya dukani, na katikati wakaweka jibu wanalolijua wao. Amejichubua, na amejichubua vizuri.

Sasa chini ya kaunta ya duka lile kulikuwa na ndoo yenye mfuniko, na humo ndimo ulimokaa mkorogo. Losheni za kung'arisha, dawa za tyubu ambazo mtu hutakiwa kuzipata kwa cheti cha daktari, na vingine ambavyo sivitaji asije mtu akajaribu. Vimepigwa marufuku, kila mtu anajua, na kila mtu anajua pa kuvipata. Mteja akiingia haulizi bei kwanza. Anauangalia uso wa Agnella, anauzunguka kwa macho kama anayekagua ng'ombe mnadani, halafu anauliza kwa sauti ya chini, "Dada, na wewe unapaka nini?"

Agnella hakusema uongo, na hilo alijivunia, masikini. Alitabasamu, akainama, akatoa kopo akaliweka juu ya kaunta, na mteja akajijibu mwenyewe.

Tusidanganyane, alijua ule mkorogo unafanya nini. Aliwaona wanaorudi na mashavu mekundu, vifundo vya vidole vimebaki vyeusi, ngozi imekuwa nyepesi mpaka mishipa inahesabika. Yeye hakuwahi kuutia hata kwenye kiwiko. Ila duka lilikuwa linakula kwa uso wake, na akisema uso huu ni sabuni, glisarini na mwavuli, nani atanunua kopo? Akaendelea kuuza.

Mdogo wake, Levina, aliolewa hapo hapo Kisawasawa na Fulgence, mkulima ambaye msimu wa kukata miwa hujiunga na wenzake kwenye mashamba ya sukari. Fulgence hakuwa mtu mbaya, mdomo tu. Alirudi kutoka kwenye miwa na hadithi za wanawake weupe wa huko, akizisimulia mbele ya mkewe huku anacheka, na mkewe, mweusi tii kama mama yao, anacheka naye na moyo unamuuma. Mwaka juzi, baada ya mavuno, Levina akaja Ifakara na mchele wa zawadi kwenye kiroba.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Mama hajambo?"

Mama hajambo, shamba halijambo, kila mtu hajambo. Mchele ukapokelewa, soda ikanywewa, ndipo Levina akasema lililomleta. "Nipe na mimi ule wako. Ule wenyewe, siyo wa kuuza."

"Wewe huuhitaji," Agnella akasema.

"Ulivyokuwa unauhitaji wewe, nani alikunyima?"

Hapo hawakuwa na mtu mwingine. Dakika tatu zingetosha kumweka chini na kumweleza habari ya mbugani na mlimani. Lakini mdomo wa Levina haukuwa na kufuli; angelisema leo Kisawasawa, Jumamosi soko zima lingekuwa nalo. Agnella akarudia, huuhitaji, akamtolea sabuni ya kunukia na kanga. Levina akavipokea kwa mikono miwili, akaaga vizuri, akaondoka na hakika moja moyoni: dada amepata njia, na hataki nipite.

Wiki mbili baadaye akaanza kuja Valeria, muuza ndizi anayeishi jirani na Levina. Alitaka kopo kila mwezi, tena kali, maana ngozi yangu ngumu, alisema. Agnella akamkorogea kali, akaandika kwenye utepe wa gundi "Valeria – kali", akaubandika kwenye mfuniko. Mwezi wa kwanza, wa pili, wa tano. Uso wa Valeria haukubadilika hata kidogo, mweusi vile vile na vumbi lake la barabarani. Muuza vipodozi asiyeliona jambo hilo ni kwamba hataki kuliona.

Januari Agnella alipata habari kwamba mdogo wake ni mjamzito, mimba ya kwanza baada ya miaka minne ya kusubiri. Alifurahi mno. Alinunua beseni, nepi na kofia ya mtoto kabla hata tumbo halijaonekana.

Wakaonana wiki ya Pasaka. Dukani walikuwepo wateja wawili, mama na binti yake kutoka Sanje, wanachagua vitu vya sendofu, wamekaa kwenye benchi wanabishana. Levina akaingia amejitanda kanga mpaka machoni. Akaifungua.

Uso ulikuwa mweupe wa kuiva, mwekundu mashavuni, na kwenye taya mishipa midogo imechora njia zake. Shingo pia. Mikono pia, isipokuwa vifundo. Alikuwa ameshinda shambani tangu Januari, anapandikiza mpunga jua la utosi na mkorogo mwilini, na jua likiuunguza uso anaupoza kwa mkorogo zaidi. Agnella alilijua lote kwa kutazama mara moja, kwa sababu ndiyo kazi yake.

"Nimekukaribia, dada?" Levina akauliza, na alikuwa anatabasamu kwa furaha ya kweli. Hakuja kugomba. Alikuja kuonyesha.

Wale wateja wakaacha kubishana. "Mtu na dada yake," akasema yule mama kwa kupenda. "Yaani mmefanana, wala hamhitaji kuulizwa."

"Waambie," Levina akamwambia dada yake. "Waambie na wewe ulianza hivi hivi."

Agnella alihisi jasho linamtoka kwenye paji, chini ya poda. Mbele yake mdogo wake, tumbo la miezi saba. Pembeni wateja wawili na harusi nzima nyuma yao. Neno moja tu lilitakiwa. Akasema, "Punguza jua," kisha akavuta kiti.

Akamketisha akamtengeneza. Alimpaka glisarini mashavuni kwa ncha za vidole, na Levina akashtuka kwa maumivu, akajikaza. Akamgonga faundesheni kwa sponji, wekundu ukafichika, akambonyeza poda paji na pua, akamchora wanja. Alitoka hapo mzuri, hilo haliwezi kukataliwa. Yule binti wa Sanje akasimama kumtazama kwa karibu, na mama yake akanunua makopo mawili.

Jioni Agnella akaapa atakwenda Kisawasawa kumwambia kila kitu. Jumapili ikanyesha. Iliyofuata mto Lumemo ukajaa, watu wakahamisha vyombo. Iliyofuata kulikuwa na kipaimara cha mtoto wa rafiki. Ukitaka sababu ya kutokwenda huikosi. Akampigia simu tu, akamwambia acha kupaka mpaka ujifungue.

"Nikiacha siku tatu uso unawaka moto, dada, halafu unakuwa mweusi kuliko mwanzo," Levina akasema. "Wewe ulivukaje hapo?"

Agnella akasema mtandao unasumbua, atapiga baadaye.

Mei mpunga ukaiva, Levina akashinda shambani anaamia ndege, tangu hakujapambazuka mpaka kiza kinaingia, tumbo mbele, kopo mfukoni. Juni uchungu ukaanza na mtoto hakupita, akaletwa hospitali kwa gari la kukodi, akafanyiwa upasuaji. Mtoto wa kike, mzima, analia vizuri. Wakamshukuru Mungu. Siku ya tano mshono ukaachia.

Daktari alikuwa kijana mpole. Aliwakuta Agnella na mama yake mlangoni mwa wodi pamoja na akina mama wawili wa jumuiya ya kanisani waliokuja kumwona mgonjwa. Nesi aliyekuwa akipanga dawa pembeni alikuwa mteja wa Agnella, kopo kila mwezi, na alikuwa anasikiliza bila kuinua kichwa.

"Ngozi yake haishiki nyuzi," daktari akasema. "Iko kama karatasi iliyolowa. Na mwili hauna nguvu ya kupigana na vidudu. Alikuwa anapaka nini? Nauliza kwa sababu kuna dawa zikiingia mwilini muda mrefu zinaudhoofisha, na tiba yake inabidi ibadilike."

Mama hakujua. Akamgeukia Agnella, maana mambo ya kupaka ni yake. Wote wakamgeukia.

"Mafuta ya kawaida tu," Agnella akasema.

Daktari akamtazama usoni, akautazama ule uso laini kwa muda mrefu kuliko kawaida, kisha akaitwa kwingine.

Mchana huo huo mama akamtuma achukue kitenge safi kwenye mkoba wa Levina. Chini ya kitenge mkono wake ukagusa kopo. Mfuniko wa bluu, utepe wa gundi, mwandiko wake mwenyewe: "Valeria – kali". Miezi yote ile alikuwa anamkorogea mdogo wake kwa mikono yake, na akizidisha makali kwa sababu ameambiwa ngozi ni ngumu. Alikaa chini pale pale sakafuni. Mama akadhani ni uchovu, akampa maji.

Ungedhani alinyanyuka akamkimbilia daktari. Hakunyanyuka. Alilifunga kopo kwenye kitenge akalirudisha, na usiku mzima alikesha akijiambia labda dawa za leo zitashika, labda kesho homa itashuka bila yeye kusema. Alimpenda Levina, msidhani vinginevyo. Alimbeba mgongoni wakiwa wadogo. Ila aibu nayo ina nguvu zake, na ya kwake ilikuwa na duka, mlango na wateja.

Siku ya tatu tangu aulizwe, homa ilikuwa juu na Levina anamwita Fulgence kwa jina la baba yao. Ndipo Agnella akamfuata daktari chumbani kwake, akaweka kopo mezani, akataja vilivyomo, kimoja kimoja.

"Tangu lini?"

"Karibu mwaka. Mwili mzima."

Daktari aliandika huku anauma mdomo, akampigia mtu simu, dawa zikabadilishwa saa hiyo hiyo. Hakumgombeza. Alisema tu, "Ungeniambia juzi." Agnella alimwuliza kama ingesaidia, naye akasema hajui, na inawezekana kweli hakujua.

Siku mbili zilizofuata Agnella hakutoka kando ya kitanda. Alikuwa anangoja Levina azinduke, ajue anasema na nani, amwambie. Aliyapanga maneno. Sikuwahi kupaka, mdogo wangu. Ni kivuli tu. Wewe ulikuwa mzuri vile vile ulivyo. Alhamisi asubuhi homa ikapungua, Levina akalala usingizi ulioonekana wa kawaida, na mama akamwambia Agnella aende nyumbani akaoge, ananuka jasho na uso umekuwa kama wa mtu wa barabarani.

Akaenda. Akaoga, akakaa kwenye kigoda. Angeweza kurudi na uso mtupu, hospitali si mbali. Lakini njia ilipita sokoni, na miaka sita hakuna aliyemwona hivyo. Akaosha, akabonyeza kwa kanga, akatia glisarini mashavuni, akapaka mafuta ya jua, akasubiri ngozi iyanywe. Simu ikalia wakati anasubiri. Alikuwa Fulgence, na kabla hajasema neno Agnella alisikia kilio cha mama upande wa pili wa simu.

Walimzika Kisawasawa Jumamosi. Asubuhi wanawake waliomwosha marehemu wakamwita Agnella, wewe ndiye fundi, mtengeneze mwenzio watu wamuage vizuri. Hakuna aliyewaza mara mbili, lilikuwa jambo la heshima. Akaingia na mkoba wake. Kazi ile ya kuwapatanisha wageni wawili haikuhitajika tena. Paji lilikuwa kavu, mashavu makavu, mafuta hayatoki popote. Alitengeneza huku machozi yanamdondokea kwenye poda, akamaliza.

Jeneza likawekwa chini ya turubai, kioo juu, watu wakapanga foleni. Agnella alisimama upande wa kichwani na mama yake, wanapokea pole. Fulgence alikaa chini na mtoto mapajani, haoni kitu. Foleni ikasogea, na kila mwanamke aliyeinama akasema lake kwa sauti ya chini, kwa upendo wa kweli.

"Kalala tu jamani."

"Amependeza."

"Kang'aa. Kafanana na dada yake kabisa sasa."

Akaja Devota, mdogo wa Fulgence, binti wa miaka kumi na tisa, macho yamevimba kwa kulia. Aliutazama uso kwenye kioo kwa muda mrefu. Kisha akamkumbatia Agnella na kumnong'oneza sikioni, "Pole, wifi. Ukifungua duka nitakuja na mimi."

Agnella akamsukuma, si kwa nguvu.

"Sikuwahi kupaka," akasema. Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyotaka, foleni ikasimama. "Mnanisikia? Mkorogo ule nilikoroga mimi, na ndio uliomuua huyu, na mimi mwenyewe sikuwahi kuupaka hata siku moja. Uso huu ni sabuni na kukaa kivulini. Sikuwahi."

Watu wakatazamana. Valeria, aliyekuwa nyuma kidogo, akaziba mdomo kwa kanga. Mzee mmoja wa kanisa akakohoa. Mama akamshika Agnella mkono, akamvuta karibu, macho yake makavu.

"Yeye ulimwambia?"

"Sikumwambia, mama."

Mama akauachia mkono wake, akamgeukia aliyefuata kwenye foleni, akapokea pole.